Baruti, Komeo na Mkono wa Polisi: Jinsi Silaha za Kijerumani Zilivyopata Umbo Lake

Wengi wanapotajiwa silaha za zamani za Kijerumani hukumbuka majina mawili, Mauser na Luger, kana kwamba kila jina lilikuwa la silaha moja iliyobaki vilevile miaka yote. Mauser kilikuwa kiwanda kilichotengeneza bunduki na bastola za aina nyingi zisizofanana, na bastola inayoitwa Luger ilitoka katika viwanda kadhaa, kimojawapo kikiwa hichohicho cha Mauser. Mkanganyiko huu hupungua mtu akishika uzi mmoja: tangu 1871 hadi 1945 aghalabu risasi ndiyo iliyotangulia na silaha ikafuata, na risasi ilipokwisha kutulia, swali lililobaki lilikuwa ni nani atakayeibeba silaha hiyo na katika mazingira gani. Askari wa vitani na polisi wa mjini waliihitaji kwa namna mbili tofauti, na tofauti hiyo inasomeka katika chuma chenyewe.

Karatasi, shaba na moshi

Prussia iliingia vitani dhidi ya Austria mwaka 1866 ikiwa na bunduki ya sindano iliyobuniwa na Johann Nikolaus von Dreyse, ambayo jeshi lake lilikuwa limeikubali tangu 1841. Ilijazwa kwa nyuma, kwa hiyo askari aliweza kuijaza akiwa amelala chini, ilhali Mwaustria aliyeshindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu alilazimika kuinuka na kujianika mbele ya adui. Faida hiyo ilisaidia sana ushindi wa Königgrätz, lakini ilificha udhaifu mkubwa. Risasi ya Dreyse ilifungwa kwa karatasi, na karatasi haiwezi kuzuia gesi. Moto ulivuja karibu na uso wa mpigaji, na ile sindano ndefu iliyotoboa baruti ili kuifikia fataki inayoiwasha ilichomwa kila mara bunduki ilipolia, hata ikachakaa na kuvunjika. Ilipofika vita ya 1870, Wafaransa walikuwa na bunduki ya Chassepot iliyopiga mbali zaidi, na Wajerumani walishinda kwa mizinga na mipango yao kuliko kwa bunduki zao.

Dawa ilikuwa ganda la chuma. Ganda la shaba nyeupe hutanuka baruti inapolipuka, likajibana kwenye kuta za chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kuziba kila upenyo, kisha hunywea kidogo na kutolewa. Ndugu wawili wa Oberndorf katika ufalme wa Württemberg, Wilhelm na Paul Mauser, ambao baba yao alikuwa fundi katika kiwanda cha serikali cha mji huo, walibuni komeo, yaani kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, lililo imara na la kutumia risasi ya namna hiyo, na bunduki yao ikakubaliwa kuwa Modell 71. Ilikuwa na mtutu wa kipenyo cha milimita 11, ilijazwa risasi moja moja, na ilitupa kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 25. Miaka kumi na mitatu baadaye iliongezwa bomba la kubeba risasi nane chini ya mtutu, ikawa Modell 71/84, bunduki ya kwanza ya Dola ya Ujerumani iliyoweza kurudia kupiga bila kujazwa upya kila mara.

Haikukaa sana. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi, na kufikia 1886 jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki ya Lebel yenye mtutu wa milimita 8. Ni vigumu kueleza kikamilifu mshtuko uliowapata majenerali wa Berlin. Baruti nyeusi inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi bali hubaki masizi na moshi mweupe. Baruti mpya iligeuka gesi karibu yote. Kwa hiyo nguvu iliongezeka, kipande cha risasi kikaweza kuwa chembamba na cha kasi zaidi, kikaruka kwa mstari ulionyooka zaidi, na mpigaji hakuonekana tena kwa wingu lake mwenyewe. Bunduki zote zilizojaa katika maghala ya Ujerumani zilizeeka kwa siku moja.

Jibu la Ujerumani lilikuwa la haraka, na haraka hiyo ilionekana. Tume ya kupima bunduki, wala si Paul Mauser, ndiyo iliyounganisha Gewehr 88, kwa kuchukua magazini ya mtindo wa Mannlicher wa Austria, ambamo risasi tano huingizwa pamoja na kibanio chake, na komeo lililotokana na mawazo mbalimbali. Kibanio kilipobaki kitupu kilidondoka kupitia tundu lililo chini ya magazini, na tundu hilohilo likakaribisha matope. Mtutu ulivikwa bomba jembamba la bati ili usiguse mbao, lakini bomba hilo lilibonyea kirahisi na kushika kutu kwa ndani. Baadhi ya mitutu ilipasuka. Mwaka 1892 mwanasiasa mchochezi wa chuki dhidi ya Wayahudi, Hermann Ahlwardt, alidai hadharani kwamba kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin, ambayo mkuu wake alikuwa Myahudi, ilitengeneza bunduki mbovu kwa makusudi. Mahakama ilimtia hatiani kwa kashfa. Nalitaja jambo hili kwa sababu kasoro za Gewehr 88 zilikuwa za kiufundi, zilizotokana na kuikimbilia baruti mpya kabla ya chuma na risasi kujaribiwa vya kutosha, na bunduki hiyo ilitoka katika viwanda vingi vikiwamo vya serikali yenyewe.

Komeo la 1898

Wakati tume ikihangaika na kasoro hizo, Paul Mauser alikuwa akiuza bunduki zake nje na kujifunza kutokana na kila mteja. Kwa Ubelgiji, mwaka 1889, alitumia kipande chembamba cha bati kinachoshika risasi tano, ambazo askari huzisukuma kwa kidole gumba ziingie katika magazini, kisha bati hutupwa. Kwa Hispania, mwaka 1893, alizipanga risasi hizo kwa kupishana kushoto na kulia ndani ya kisanduku kilichofichwa katika mbao, hata pasiwe na kitu kinachojitokeza chini ya bunduki. Bunduki za ukoo huo ndizo ambazo Makaburu walizitumia dhidi ya Waingereza huko Afrika Kusini mwaka 1899 hadi 1902, na Waingereza hawakuzisahau.

Yote hayo yalikusanywa katika Gewehr 98, iliyokubaliwa tarehe 5 Aprili 1898. Inafaa kulitazama komeo lake kwa karibu, kwa kuwa bunduki nyingi za kuwindia zinazouzwa leo bado zinaliiga. Mbele lina meno mawili mazito ambayo, mpini unapoteremshwa, huzunguka na kukaa ndani ya mianya ya chuma nyuma ya chemba. Hayo ndiyo yanayobeba msukumo wote wa mlipuko. Nyuma, karibu na mpini, Mauser aliongeza jino la tatu ambalo katika hali ya kawaida halibebi kitu. Kazi yake ni kulizuia komeo lisirudi usoni mwa mpigaji endapo yale mawili yatavunjika. Endapo ganda la risasi litapasuka, gesi hutolewa kupitia matundu mawili yaliyo upande wa chini wa komeo, ikapita pembeni, na ile inayozidi kurudi nyuma hugonga ngao ndogo ya mviringo iliyo mwishoni mwa komeo. Kisha kuna kulabu ndefu upande wa kulia, isiyozunguka pamoja na komeo, inayoidaka risasi pindi inapotoka katika magazini na kutoiachia mpaka ganda litupwe nje, hivyo askari mwenye hofu hawezi kwa urahisi kuingiza risasi ya pili juu ya ya kwanza. Huyu ni mbunifu ambaye, kabla ya kujiuliza bunduki itampiga nani, alijiuliza itamfanya nini anayeishika ikiharibika.  Tahadhari imo katika chuma.

Risasi nayo iliendelea kubadilika. Kati ya 1903 na 1905 Wajerumani waliacha kipande chenye ncha ya mviringo na kuchukua chenye ncha kali, cha takribani gramu 10, kilichotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 880 kwa sekunde. Ukikilinganisha na kile cha gramu 25 cha Modell 71, unaona katika kizazi kimoja jinsi uzito ulivyobadilishwa na kasi. Bunduki yenyewe ilibaki ndefu, mita 1.25 bila singe, urefu uliowafaa askari waliotarajiwa kupigana kwa safu uwandani. Mahandaki ya 1914 yaliufanya urefu huo kuwa mzigo, na mwaka 1935 jeshi lilichukua Karabiner 98k, yenye komeo lilelile lakini fupi kwa sentimita 14.

Bunduki kuukuu Afrika Mashariki

Bunduki inapoachwa na jeshi la Ulaya haifi. Hutafutiwa mtu mwingine. Hermann Wissmann alipokuja pwani yetu mwaka 1889 kuupiga upinzani ulioongozwa na Abushiri, na jeshi lake lilipogeuzwa mwaka 1891 kuwa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni, silaha ya kawaida ya askari wake ilikuwa Mauser ya ukoo wa 71, ya milimita 11 na ya baruti nyeusi. Ujerumani ilikuwa na akiba kubwa ya bunduki hizo, na kwa watawala wa Berlin koloni lilikuwa mahali pazuri pa kuzimalizia.

Udhaifu wa bunduki ya risasi moja ulidhihirika mapema. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliujia msafara wa Emil von Zelewski kutoka vichakani kwa ghafla na kwa ukaribu ambao haukumpa askari nafasi ya kufungua komeo, kutia risasi nyingine na kulifunga. Msafara uliangamizwa, Zelewski akauawa, na mamia ya bunduki yakaangukia mikononi mwa Wahehe. Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, mambo yalikwenda kinyume: watu waliokuja kwa uwazi na kwa wingi kuelekea maboma walikutana na bunduki hizo zikisaidiwa na bunduki za rashasha. Waliokufa baadaye kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa, walikuwa wengi zaidi kuliko waliopigwa risasi, na makadirio ya vifo vyote huanzia 75,000 hadi 300,000.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, miaka kumi na sita baada ya Gewehr 98 kukubaliwa, vikosi vingi vya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, bado vilikuwa na bunduki ya moshi. Kila askari alipopiga, wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka chake na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Ndiyo maana nyara za Tanga mwezi Novemba mwaka huo zilikuwa na thamani kuliko ushindi wenyewe: kikosi cha Uingereza kilichotoka India kilipopanda tena melini, kiliacha mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha 16 na risasi takribani 600,000. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilipigwa na manowari ya Hyacinth katika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, lakini haikuteketea yote. Shehena iliyookolewa ilikuwa na bunduki mpya zipatazo 1,800, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifunguliwa, zikakaushwa na kufungwa upya, kazi ndefu iliyofanywa kwa mikono. Askari walioipigana vita hiyo hadi Novemba 1918 walibadilishiwa bunduki njiani, nyingine za Kijerumani, nyingine za Kiingereza na za Kireno walizozipokonya.

Bastola: ya jeshi kwanza, ya polisi baadaye

Upande wa bastola, Dola ya Ujerumani ilianza kwa uzito. Bastola za kuzunguka za 1879 na 1883, za milimita 10.6, zilibeba risasi sita, zilitaka nyundo ivutwe kwa kidole kabla ya kila pigo, na maganda matupu yalitolewa moja moja kwa kusukumwa. Zilikuwa imara, na hapo sifa zao zinaishia.

Baruti isiyo na moshi, isiyoacha masizi mengi, ndiyo iliyowezesha bastola ijijaze yenyewe. Mwaka 1893 Hugo Borchardt alitoa bastola iliyofungwa kwa kiungo kinachojikunja kama goti: likinyooka halisukumiki, likiinuliwa kidogo tu linakunjika bila nguvu. Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi katika kampuni hiyohiyo ya Loewe, iliyogeuka kuwa DWM, aliipunguza, akaihamishia springi ndani ya mpini na kuuinamisha mpini huo kiasi kwamba mkono ukinyooshwa, mtutu unaelekea unakotazama. Uswisi iliichukua mwaka 1900 kwa risasi ya milimita 7.65. Ujerumani ilitaka kipande kizito zaidi, na Luger akaupanua mdomo wa ganda lilelile, ikapatikana risasi ya milimita 9 Parabellum, ambayo leo ndiyo risasi ya bastola inayotumika zaidi duniani. Jeshi la majini liliikubali bastola hiyo mwaka 1904, la nchi kavu mwaka 1908, ndipo ikaitwa P08. Mshindani wake, Mauser C96, yenye magazini mbele ya kifyatulio na mkoba wa mbao unaogeuka kitako, ilipendwa na maofisa waliojinunulia wenyewe. Jeshi liliagiza 150,000 wakati wa vita, za milimita 9, na tarakimu 9 ikachorwa kubwa kwenye mpini, kwa kawaida kwa rangi nyekundu, ili askari asitie risasi isiyoifaa.

P08 ni kazi ya fundi wa vyuma katika kilele chake. Sehemu zake zilisawazishwa kwa mkono zikaane, na karibu kila kipande kilipigwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola yenyewe, ili vya hii visichanganywe na vya ile. Uzuri huo ulikuwa na gharama: bastola ilikuwa ghali, ilichagua risasi, na mchanga uliisumbua. Ilikuwa pia na hatari moja isiyojulikana sana. Kijiti kinachozuia sindano kiko ubavuni mwa mtutu, kikifunikwa na bamba dogo. Mtu akiliondoa bamba hilo ili kuisafisha, huku amesahau risasi chembani, kukigusa tu kijiti hicho kulitosha kuifyatua.

Mkataba wa Versailles ulilipunguza jeshi la Ujerumani hadi watu 100,000, na polisi wakapata umuhimu mpya pamoja na silaha zilizobaki. Ndiyo sababu P08 nyingi zina miaka miwili juu ya chemba, kwa mfano 1916 na juu yake 1920. Wengi hudhani zilitengenezwa mara mbili. Kumbe mwaka 1920 serikali ilipotaka raia wasalimishe silaha za kivita, ilizipiga chapa zake yenyewe zilizo jeshini na polisi ili zisichanganywe na za magendo. Vivyo hivyo herufi S.D. zinazoonekana kwenye bastola za kipindi hicho huuzwa kwa bei kubwa kwa kudhaniwa ni za idara ya usalama ya Wanazi, ilhali ni alama ya polisi wa Düsseldorf.

Hapa ndipo tofauti ya mwanajeshi na polisi inapojitokeza. Mwanajeshi huiweka bastola katika mkoba wenye kifuniko na huitoa akijua vita imeanza. Polisi huibeba kila siku, huisafisha kituoni mbele ya wenzake, na huenda asiifyatue maisha yake yote ya kazi, lakini ikimbidi, hupewa muda mfupi mno. Polisi wa Prussia waliiona ile hatari ya kijiti, na katika miaka ya 1930 P08 zao zilifungwa kizuizi cha ziada kinachokizuia kijiti mara bamba linapotolewa. Za jeshi hazikufungwa.

Jibu kamili lilitoka Zella-Mehlis, Thuringia, katika kiwanda cha Carl Walther, mwaka 1929. Walther PP haikuwa ya kwanza kuwa na wazo la kifyatulio kinachovuta nyundo chenyewe, lakini ndiyo iliyolieneza. Polisi aliweza kutembea na risasi chembani huku nyundo imelala, akaipiga ya kwanza kwa mvuto mrefu na mzito ambao si rahisi kutokea kwa bahati mbaya, na zilizofuata kwa mvuto mwepesi. Kizuizi cha usalama kiliposhushwa kiliilaza nyundo bila kuifyatua risasi, na juu ya nyundo kijipini kidogo kilijitokeza kuonyesha kwamba chemba ina risasi, kitu ambacho kidole hukihisi hata gizani. Kwa kuwa risasi yake ya milimita 7.65 ilikuwa na nguvu ndogo, haikuhitaji goti wala komeo la kufunga. Uzito wa chuma na springi vilitosha. PPK ya 1931, fupi zaidi, ilikusudiwa wapelelezi wanaovaa kiraia.

Jeshi lilipotafuta bastola rahisi kutengenezwa kuliko P08, lilichukua kifyatulio hicho cha polisi na kukiunga na risasi yenye nguvu ya milimita 9. Hiyo ndiyo P38, na mwaka 1942 Mauser iliacha kulitengenezea jeshi bastola za Luger. Kadiri vita ilivyoendelea, chuma kilichosuguliwa mpaka kung'aa kilitoa nafasi kwa chuma chenye mikwaruzo ya mashine. Wakusanyaji huichambua mikwaruzo hiyo ili kujua mwezi silaha ilipotengenezwa. Ni haki waijue pia mikono iliyohusika: Walther ilikuwa na kiwanda ndani ya kambi ya mateso ya Neuengamme karibu na Hamburg, ambako wafungwa walilazimishwa kutengeneza sehemu za bunduki, na viwanda vingine vya silaha, kile cha Oberndorf kikiwamo, vilitegemea kazi ya kulazimishwa.

Baada ya 1945 Wafaransa walikibomoa kiwanda cha Oberndorf na Walther ikahamia Ulm, ambako P38 iliendelea kwa jina la P1 katika jeshi jipya. Baadhi ya wahandisi wa Mauser walikwenda Hispania na mchoro wa bunduki ambayo komeo lake hucheleweshwa kufunguka kwa vijigurudumu, wazo walilolianza miezi ya mwisho ya vita. Mchoro huo ulirudi Oberndorf, katika kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 na watu waliotoka Mauser, ukawa G3 ya 1959. Polisi wa Ujerumani waliendelea na swali lao la 1929, na katika miaka ya 1970 walidai bastola isiyo na kizuizi cha kushikwa kwa kidole, iliyo tayari mara itolewapo, lakini isiyolia hata ikiangushwa. Zikapatikana P5, P6 na P7. Kenya kwa upande wake ilipata G3, bunduki iliyobuniwa kwa ajili ya uwanja wa vita wa Ulaya, na kwa miongo mingi imekuwa ikionekana mabegani mwa polisi wa kawaida. Kilengeo chake cha nyuma kimepimwa kwa mita 100, 200, 300 na 400, umbali ambao polisi wa doria katika mtaa wenye watu ni nadra sana kuuhitaji.